Bomba la kuazima, mfuko wa mbolea: yaliyotukwamisha kabla ya kupata alama ya Kilimohai

Shamba la kwanza kukataliwa katika kikundi chetu kwenye ukaguzi wa kilimo hai halikuwa limeona dawa ya dukani kwa misimu minne. Nyanya zake zilinyunyiziwa maji ya mwarobaini tu, uliotwangwa kinuni pale pale nyumbani. Kilichoziponza ni bomba la mgongoni. Lilikuwa la kuazima, na wiki iliyotangulia mwenye nalo alikuwa amepigia kabichi zake dawa ya wadudu. Mkaguzi, naye mkulima kama sisi, aliuliza swali moja: "Mama, bomba hili la nani?" Hakuhitaji kuuliza la pili.

Tulikuwa wakulima kumi na wanane, wengi wenye ekari moja hadi tatu, kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huku pilipili manga, mdalasini, hiliki na karafuu hukaa chini ya miti, mboga na mahindi hukaa mabondeni. Tulijiona tumefika kabla hata ya kuondoka, maana viungo vyetu havijawahi kupigwa kitu tangu enzi za babu. Imani hiyo inawaponza wengi: kwamba asiyenunua dawa tayari analima kilimo hai. Kiwango cha kilimo hai hakisomi hivyo. Kinauliza habari za kila kilichogusa zao, tangu mbegu hadi gunia, na kwa kila mguso kinataka ushahidi. Karibu makosa yetu yote yalitokea kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu kuwa ni kilimo.

Kiwango chenyewe ni kile cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kilichopitishwa mwaka 2007. Alama yake ni Kilimohai. Kwa Tanzania msimamizi wa alama ni TOAM, Kenya ni KOAN na Uganda ni NOGAMU, yaani vyama vya kilimo hai vya nchi hizo. Njia za kuipata ni mbili. Ya kwanza ni kuita kampuni ya ukaguzi, ambayo hulipwa kwa siku za mkaguzi, nauli, malazi, ripoti na vipimo vya maabara. Ya pili ni mfumo shirikishi wa uthibitisho, ambao wengi wanauita PGS, ambapo wakulima hukaguana wenyewe kwa utaratibu uliosajiliwa. Makadirio tuliyopewa ya njia ya kwanza yalizidi mauzo ya pilipili ya kikundi kizima kwa msimu. Tukachukua ya pili. Hata hivyo ni vyema kujua mapema kwamba uthibitisho wa PGS unakufaa Morogoro, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Ulaya na Marekani hawautambui.

Kazi ya kwanza haikuwa ya jembe. Kila mwanachama alichora ramani ya shamba lake: mipaka, majirani na wanacholima, mto au mfereji unaopita, mwelekeo wa mteremko, mahali pa kuhifadhia zana. Chini ya ramani aliandika historia ya miaka mitatu: zao gani lilikuwa wapi, mbolea gani ya dukani iliwekwa, dawa gani ilipigwa na lini kwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo inayoanzisha kipindi cha mpito, yaani muda wa kulima bila pembejeo zilizokatazwa kabla zao halijaitwa la kilimo hai. Urefu wa kipindi hutegemea soko. Kanuni za Marekani zinataka miaka mitatu bila pembejeo iliyokatazwa kabla ya mavuno. Za Ulaya zinataka miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na mitatu kabla ya mavuno ya kwanza ya mazao ya kudumu kama pilipili manga. Aliyeandika "sikumbuki" alilazimika kuanza kuhesabu upya tangu siku aliyojiunga. Wawili walidanganya kidogo ili waonekane wa zamani. Majirani zao waliwaumbua kwenye mkutano wa kwanza, na kwa kweli hiyo ndiyo nguvu ya PGS: ni vigumu kumficha jirani kilichopigwa shambani.

Ramani ilionyesha tatizo ambalo hatukuwa tumelifikiria, nalo ni maji. Kwenye mteremko, dawa na mbolea ya jirani aliye juu vitashuka kwako mvua ikinyesha, hata kama mnapendana. Watu husema sana juu ya ukanda wa kinga unaoachwa mpakani dhidi ya dawa inayoletwa na upepo, na kusahau mafuriko. Tulichimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa kila shamba lililo chini ya shamba la kawaida, upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, udongo tukiutupia upande wa juu kwa mtindo wa fanya juu, na juu ya tuta tukapanda mabingobingo. Hakuna namba moja ya upana wa ukanda inayofaa kila mahali. Hutegemea upepo, mteremko, na kama jirani anatumia bomba la mgongoni au mashine ya injini. Kwetu mita tano zilikubaliwa. Kinachosahaulika ni kwamba zao lililomo ndani ya ukanda huo haliuzwi kama la kilimo hai, hata kama umelilima wewe mwenyewe kwa mikono safi. Panda humo malisho au kuni, utajiepusha na ubishi.

Msimu wa kwanza mavuno yalishuka. Mahindi yalikuwa njano, mchicha ulidumaa, na wanachama watatu waliondoka, nao siwalaumu. Udongo uliozoea mbolea ya UREA ukiachishwa ghafla bila kitu cha kuziba pengo hauna cha kutoa. Kosa letu lilikuwa kuacha kwanza na kutengeneza mboji baadaye. Ilitakiwa malundo yawe tayari miezi minne kabla ya mvua.

Mboji nayo tuliiharibu mara mbili kabla ya kuijua. Lundo la kwanza lilikuwa dogo, nusu mita kwenda juu, likakaa baridi kama kaburi. Lundo lisilofika mita moja kila upande halihifadhi joto. Lundo la pili lilijaa samadi mbichi na majani mabichi, likatoa harufu kali ya mkojo iliyochoma pua. Harufu hiyo ni naitrojeni inayopaa, yaani mbolea yako inaondoka na upepo. Lilihitaji mabua makavu. Likinuka yai viza, limeloa mno na halina hewa: ligeuze, ongeza vikavu, lifunike mvua isilifikie.

Vipimo tulivyoishia navyo ni hivi. Chini kabisa matawi membamba ili hewa ipite. Juu yake mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 20, kisha majani mabichi sentimita 10, kisha samadi sentimita 5, kisha vumbi la udongo wa juu kiganja hiki na kile, na maji. Rudia hadi mita moja na nusu. Ukiokota konzi na kuibana, itoke tone moja au mawili. Ikitiririka umezidisha, isipotoa kitu ongeza. Chomeka nondo ya chuma katikati ya lundo. Siku ya tatu au ya nne ichomoe: ikiwa huwezi kuishika kwa muda, lundo linafanya kazi. Joto la kuua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa ni kuanzia nyuzi 55. Kanuni za Marekani zinataka lundo la kugeuzwa likae kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, na ligeuzwe mara tano katika siku hizo. Sisi hatukuwa na kipimajoto mwaka wa kwanza. Tulikinunua wa pili, na tungekinunua mapema kama tungejua kwamba kila mkaguzi angeuliza.

Majani mabichi bora kwetu yalikuwa ya alizeti pori, yale maua ya njano yanayojaa kandokando ya barabara. Majani yake makavu yana naitrojeni ya takriban asilimia 3.5 na potasiamu ya takriban asilimia 4, fosforasi kidogo. Yakate kabla hayajatoa maua, na angalia unayatoa wapi: yaliyo ukingoni mwa shamba lililopigwa dawa ya magugu yaache. Lundo la mita 1.5 kwa 4 kwa 1.5 likiiva hubaki karibu nusu yake, kiasi cha tani mbili na kitu, na hizo zinatosha ekari moja kwa kipimo cha kiasi. Kazi yake ni asubuhi nzima ya watu wanne kulijenga, halafu saa mbili za watu wawili kila kugeuza. Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna anayeitaja kwenye semina.

Samadi mbichi moja kwa moja shambani inaruhusiwa kwa masharti. Tulichukua sheria ya Marekani ikawa yetu, kwa sababu ina namba: siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, kama karoti na mchicha, na siku 90 kwa lile lisilogusa, kama mahindi. Mchicha huvunwa wiki nne baada ya kupandwa, kwa hiyo samadi mbichi kwenye mchicha isahau. Swali jingine ni samadi imetoka wapi. Mbolea ya kuku kutoka mabanda makubwa ya biashara ni rahisi kupatikana na inavutia, lakini kanuni za Ulaya hazikubali samadi ya ufugaji wa kiwandani, na hata hapa utaulizwa kuku walitibiwa kwa nini na matandiko yalipuliziwa dawa gani. Muuzaji akishindwa kujibu, usinunue.

Mashamba yaliyochoka zaidi tuliyapumzisha kwa marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo. Humea haraka, huzima magugu na hupunguza minyoo fundo inayotafuna mizizi ya nyanya. Ilaze na kuifukia ikianza kutoa maua. Ukichelewa, mashina huwa magumu kama kuni na hukaa ardhini msimu mzima.

Sasa wadudu. Hapa ndipo neno "asili" lilipotudanganya zaidi.

Mzee mmoja wa kikundi alikuwa bingwa wa maji ya tumbaku. Analoweka majani usiku kucha, anachuja, anapiga, na vidukari wanaanguka kama mvua. Ni jani la shambani, halina kopo wala lebo, kwa nini likatazwe? Kwa sababu nikotini ni sumu kali kwa binadamu na kwa wadudu marafiki, na viwango vya kilimo hai vinaikataza kwa jina. Zaidi ya hayo, tumbaku hubeba kirusi cha batobato kinachoshambulia nyanya, kwa hiyo unaua vidukari na kupanda ugonjwa kwa bomba lile lile. Utupa, ule mmea wa kulewesha samaki, una sumu iitwayo rotenoni, na Ulaya na Marekani wameifungia mlango. Mzee alikasirika wiki mbili. Alirudi.

Sabuni ilituponza pia. Kila dawa ya mimea huwekwa sabuni kidogo ili ishike majani, na sote tulitia sabuni ya unga ya kufulia. Hiyo ni kemikali ya kiwandani na haikubaliki. Tumia sabuni ya kipande ya kawaida isiyo na manukato, iliyokwanguliwa, kiasi cha vijiko viwili vya chakula kwa bomba.

Mwarobaini unakubalika, ila wengi huutumia vibaya na kuusema haufanyi kazi. Tumia punje za mbegu: gramu 50 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 800 kwa bomba la lita 16. Kausha mbegu kivulini, ondoa zilizoota ukungu, menya, twanga bila kuzisaga hadi zitoe mafuta, funga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha, kamua, chuja. Piga jioni, kwa sababu jua huvunja kiini chake haraka, na piga siku hiyo hiyo. Haui papo hapo. Mdudu huacha kula na kushindwa kujivua gamba, hivyo asubuhi utamkuta bado yupo, na mkulima aliyezoea kuona maiti hukata tamaa. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba. Mwarobaini haustawi vizuri kwenye baridi yetu ya milimani; mbegu tulizikusanya mjini Morogoro, na kila gunia likaandikwa lilikotoka.

Kwa kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, mwarobaini peke yake haukutosha. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani kati ya ngozi mbili na dawa haimfikii. Tulichanganya mitego yenye chambo cha harufu ya jike, kung'oa majani yenye njia nyeupe kila baada ya siku tatu na kuyafungia kwenye mfuko mweusi juani, na dawa ya Bt, bakteria anayeua viwavi, ambayo viwango vinaikubali. Soma lebo ya Bt yenyewe, na umuulize msimamizi wa cheti chako kabla ya kununua, si baada ya kupiga. Risiti na lebo ya kopo viwekwe kwenye daftari. Kwa ukungu wa nyanya, dawa ya shaba inaruhusiwa kwa kipimo. Ulaya hawataki izidi kilo 28 za shaba halisi kwa hekta katika miaka saba. Tulipata nafuu kubwa zaidi kwa kuacha kulima nyanya masika, kuzifunga kwenye vijiti na kumwagilia chini badala ya juu ya majani.

Baada ya kisa cha lile bomba, kikundi kilinunua mabomba matatu kwa mchango, kikayapaka rangi ya kijani na kuandika namba. Hayaazimwi nje ya kikundi hata kwa shemeji. Kuliosha la kuazima hakusaidii sana, maana mabaki hukaa kwenye mpira na kwenye chujio.

Mbegu zilituchelewesha msimu mzima. Mbegu nyingi za dukani, hasa mahindi na mahuluti ya mboga, zimevikwa dawa ya ukungu, ndiyo ile rangi ya waridi au bluu inayobaki vidoleni. Kuziosha si ruhusa ya kuzitumia. Unatakiwa utafute mbegu za kilimo hai. Zikikosekana, zisizovikwa dawa. Na uandike ulizitafuta wapi, tarehe gani, ukajibiwa nini. Karatasi hiyo ndogo ya "nimetafuta nikakosa" ndiyo tuliyokosa. Mbegu zenye vinasaba vilivyobadilishwa hazina mjadala, hazikubaliki. Pakiti tupu usitupe, zibanike kwenye daftari.

Ukaguzi wa kwanza kamili ulikuja mwaka wa pili. Wakaguzi walikuwa wakulima watatu kutoka kikundi kingine, na walianza ghalani kabla ya shambani. Ghalani walikuta pilipili manga iliyokauka vizuri imewekwa kwenye mifuko ya sandarusi iliyosomeka DAP, mbolea ya dukani. Mifuko ilikuwa imefuliwa mara mbili. Haikusaidia kitu, mzigo wote ulitolewa ukauzwa kama wa kawaida, kwa hasara ya bei na aibu. Pembeni palikuwa na kopo la vidonge vya kufukizia mahindi. Vidonge hivyo vilikuwa vya familia, kwa mahindi ya kula nyumbani, na havikuwahi kufunguliwa. Haidhuru: stoo moja, pembejeo iliyokatazwa ndani, ni kosa linaloandikwa kwenye ripoti. Siku hizi mahindi yanahifadhiwa kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni bila dawa, na ghala la viungo lina mlango wake. Wengine walianika pilipili kando ya lami kwa sababu lami ina joto. Moshi wa magari na lami vyote hugusa punje. Anika kwenye mkeka au turubai safi juu ya kichanja.

Kilichonifundisha zaidi siku ile ni hesabu ya mavuno na mauzo. Mkaguzi alichukua daftari la mwanachama mmoja. Mipilipili 40 inayozaa. Akakadiria kilo moja na nusu ya pilipili kavu kwa kila mmoja, jumla kilo 60. Akafungua kitabu cha kikundi: mwanachama huyo alileta kilo 95. Kilo 35 zimetoka wapi? Zilikuwa za shangazi yake wa ng'ambo ya mto, ambaye naye hajawahi kupiga dawa maishani. Lakini shangazi hakuwa kwenye orodha, shamba lake halikuwa kwenye ramani, na pilipili yake ilikuwa imeshachanganywa na yetu. Mzigo ulisimamishwa, mwanachama akasimamishwa msimu mmoja. Tangu hapo tunapima mara mbili, mbichi siku ya kuchuma na kavu siku ya kuleta. Pilipili manga ikikauka hubaki theluthi ya uzito wake, karafuu kadhalika. Ukileta kilo 30 kavu, lazima daftari lionyeshe karibu kilo 90 mbichi. Kila gunia lina kikaratasi chenye namba ya mkulima, tarehe na namba ya bechi.

Cheti kilipofika, tulikisoma haraka mno. Cheti huorodhesha mashamba na mazao. Tangawizi hatukuiandika kwenye fomu kwa kuwa ilikuwa tuta mbili tu. Ilipostawi mwaka uliofuata hatukuweza kuiuza na alama, japo ilitoka kwenye udongo ule ule. Andika kila zao, hata lile la jikoni. Cheti pia kina tarehe ya mwisho, na baada ya tarehe hiyo lebo iliyochapwa elfu moja ni karatasi tu. Chapa chache.

Kabla ya cheti hatukuruhusiwa kuandika "kilimo hai" popote, hata kwa kalamu kwenye boksi. Kuhusu mazao ya kipindi cha mpito, masoko yanatofautiana. Ulaya hukubali kuandika kwamba zao linatoka kwenye shamba lililo katika mpito, baada ya miezi 12 ya kwanza na kwa bidhaa yenye kiungo kimoja tu cha mmea. Marekani hawana lebo hiyo kabisa. Sisi tuliuza kama mboga za kawaida kwa bei ya kawaida, na ile miezi ndiyo iliyouma mfukoni kuliko yote. Panga fedha za kuivuka kabla hujaanza.

Sokoni mjini tulipata onyo moja. Meza ilikuwa na bango la Kilimohai, na juu yake kulikuwa na vitunguu tulivyonunua kwa jirani ili meza ijae. Bango moja juu ya meza yenye vya aina mbili ni udanganyifu hata bila nia. Alama ikae kwenye kreti lenye zao lililothibitishwa, na kisichothibitishwa kikae meza nyingine na kibao chake.

Mambo yalikuwa magumu tulipoanza kusaga masala ya pilau. Hapa watu hupotea kwenye asilimia. Kwa kanuni za Ulaya na Marekani, bidhaa yenye viungo vingi huitwa ya kilimo hai ikiwa angalau asilimia 95 ya viungo ni vya kilimo hai, na hesabu hufanywa bila maji na chumvi. Chukua kilo moja ya masala: chumvi gramu 100, bizari nyembamba ya sokoni gramu 48, vilivyobaki gramu 852 ni vya kwetu. Ukitoa gramu 48 kwenye 1,000 unapata asilimia 95.2 na unashangilia. Ondoa chumvi kama inavyotakiwa: 852 kwa 900 ni asilimia 94.7. Umefeli.

Na hata ungepunguza bizari hadi gramu 40, ungefeli bado. Ile asilimia tano haikuachwa kwa ajili ya chochote unachotaka. Ni kwa viungo vilivyomo kwenye orodha maalumu ya vile ambavyo haviwezi kupatikana vya kilimo hai, na bizari nyembamba haimo. Vilevile Ulaya hawakubali kuchanganya kiungo kile kile cha aina mbili, mdalasini wa kilimo hai na mdalasini wa kawaida kwenye pakiti moja. Kwa Marekani, ikiwa kati ya asilimia 70 na 95, unaweza kuandika mbele ya pakiti kwamba imetengenezwa kwa viungo fulani vya kilimo hai, visivyozidi vitatu, bila nembo ya USDA, wizara ya kilimo ya Marekani. Chini ya 70 neno hilo hukaa kwenye orodha ya viungo tu, mbele ya kiungo husika. Sisi tuliondoa bizari na chumvi, tukabaki na viungo vinne vyote vya kikundi. Masala yakawa tofauti kidogo na yale ya Kariakoo, wateja wakazoea.

Mashine ya kusaga ilikuwa ya kukodi. Inasaga mahindi na dagaa mchana kutwa. Tulikubaliana na mwenyewe tusage asubuhi kabla ya wengine, mashine ifunguliwe na kusafishwa kwa brashi, kisha kilo mbili za kwanza za kwetu zipite na kuuzwa kama za kawaida. Hizo kilo mbili ziliandikwa kila mara, maana bila maandishi zinaonekana kama zimeibwa.

Alama ya Kilimohai haiondoi mahitaji mengine ya pakiti. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania bara uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na lebo yako lazima iwe na jina la bidhaa, viungo kwa mpangilio wa uzito, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi, jina na anwani ya mtengenezaji. Maneno kama "haina kemikali" au "inatibu" tuliyafuta yote. La kwanza huwezi kulithibitisha, na la pili linakuhamishia kwenye sheria za dawa.

Mwaka wa nne alikuja mnunuzi wa pilipili manga anayepeleka Ulaya. Tukapanga mezani vyeti vyetu vya PGS; akavisoma kwa heshima na kuvirudisha. Kanuni ya Ulaya 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inataka kikundi kiwe chombo cha kisheria, kisichozidi wanachama 2,000, kiuze kwa pamoja na kiwe na mfumo wake wa udhibiti wa ndani unaokagua kila mwanachama kila mwaka. Kila mwanachama awe na shamba lisilozidi hekta tano, au mauzo ya kilimo hai yasiyozidi euro 25,000 kwa mwaka huku gharama ya cheti cha peke yake ikipita asilimia mbili ya mauzo hayo. Kampuni ya ukaguzi hurudia kukagua asilimia tano ya wanachama, wasipungue kumi. Kwa kikundi cha watu kumi na watano kama tulivyobaki, kumi ni theluthi mbili ya kikundi, na bili ni ile ile. Ndiyo maana vikundi vidogo hujiunga.

Kwa Ulaya, saa ya miaka mitatu nayo huanza kuhesabiwa siku unapoingia chini ya kampuni hiyo. Muda wa nyuma unaweza kukubaliwa, ila kwa ushahidi madhubuti wa maandishi na ukaguzi wa shamba. Mnunuzi aliomba madaftari ya miaka yote minne. Kati ya kumi na tano, tisa yalikuwa kamili tangu ramani ya kwanza. Manne yalikuwa na mwaka mmoja uliojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, siku moja. Mawili panya walikuwa wameyatafuna, na sasa yote hukaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ofisini kwa mtendaji wa kijiji.